Sura ya Saba: Mfumo Mpya kwenye Mashine ya Zamani

Mfumo endeshi ni programu mama ambayo huamka kabla ya programu nyingine zote kompyuta inapowashwa, ikagawa kumbukumbu na muda wa prosesa kwa programu zinazovihitaji, ikasimamia faili kwenye diski, na ikawa mkalimani baina ya programu hizo na vifaa kama printa, kibodi na kadi ya mtandao. Hakuna anayewasha kompyuta kwa hamu ya kutumia mfumo endeshi wenyewe. Watu huiwasha ili waandike barua, wafunge hesabu za mwezi au watazame filamu, na mfumo unaofanya kazi yake sawasawa hausikiki. Hata hivyo, toleo jipya linapotangazwa, mjadala huhamia haraka kwenye sura yake, kwamba menyu imesogezwa katikati na madirisha yamekuwa na pembe za mviringo, kana kwamba mnunuzi anachagua kitambaa cha pazia. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini ni nadra yawe sababu ya kutosha ya kuhama au ya kubaki.

Kabla ya kwenda mbali ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Kusasisha ni kupokea marekebisho ya mfumo uleule uliopo: watengenezaji wamegundua kasoro, wameandika kiraka cha kuiziba, nacho kinashushwa kupitia intaneti na kubandikwa mahali pake, huku mtumiaji akiendelea na mfumo anaoujua. Kuhama ni kuuondoa mfumo huo na kuweka toleo jingine, lenye sehemu nyingi zilizoandikwa upya, masharti mapya ya mashine na pengine tabia mpya. Hili la pili linakaribiana na kile ambacho mafundi wa Kariakoo hukiita kupiga Windows, ingawa fundi anapopiga Windows aghalabu hufuta diski nzima na kuanza upya, ilhali kuhama kwaweza pia kufanywa faili na programu zikiwa palepale. Kampuni ya Microsoft hutoa viraka vyake kwa ratiba, Jumanne ya pili ya kila mwezi, desturi iliyoanza Oktoba 2003. Matoleo mapya kabisa huja kwa nadra zaidi, kwani Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015 na Windows 11 haikufuata hadi tarehe 5 Oktoba 2021.

Kuhama huko kati ya matoleo hayo mawili ndiko kunakochukuliwa kuwa mfano katika sura hii, kwa sababu kumewagusa watu wengi kwa wakati mmoja na kwa tarehe iliyojulikana mapema. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Neno kukomesha huwatisha wengi bila sababu, na huwapumbaza wengine bila sababu vilevile. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku ile. Iliendelea kuwaka, kuchapisha na kufungua faili kama jana yake. Kilichokoma ni viraka. Na ubaya wa kukosa viraka hauonekani siku ya kwanza, kwa kuwa matoleo haya mawili yanashirikiana sehemu kubwa ya maandishi yao ya ndani. Windows 11 inapopewa kiraka, mdukuzi hukichambua, akaona ni wapi palipozibwa, kisha akaenda kutazama kama tundu lilelile lipo kwenye Windows 10 ambayo haikuzibwa. Kila kiraka cha jirani huwa ramani ya kuingilia nyumba isiyo na fundi, na ramani hizo huongezeka mwezi hadi mwezi.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwezi Mei 2017. Tarehe 12 ya mwezi huo programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilianza kusambaa, ikafunga faili za kila kompyuta iliyoifikia kwa msimbo wa siri na kudai fidia ya dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin. Haikumhitaji mtu afungue barua pepe wala abofye kiungo. Ilikuwa mnyoo, yaani programu inayotambaa yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine kupitia mtandao, ikitumia tundu katika njia ya Windows ya kushirikiana mafaili. Mbinu ya kulipenya tundu hilo ilikuwa imebuniwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, kisha ikavuja na kuanikwa hadharani mwezi Aprili. Ndani ya siku chache zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikuwa zimeambukizwa, na miongoni mwa walioumia zaidi ni huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, ambako angalau mashirika 81 kati ya 236 ya hospitali nchini England yalivurugika, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine na maelfu ya miadi ya matibabu ikafutwa.

Simulizi lililoenea mara moja lilikuwa kwamba hospitali zile ziliponzwa na Windows XP, mfumo wa mwaka 2001 ambao huduma yake ilikoma tarehe 8 Aprili 2014. Simulizi hilo lilikuwa na mvuto, hasa kwa kuwa serikali ya Uingereza iliwahi kulipa pauni milioni 5.5 ili Microsoft iendelee kuihudumia XP ya taasisi za umma kwa mwaka mmoja zaidi, kisha isiuhuishe mkataba huo. Uchunguzi ulionyesha vingine. Kwa hesabu ya kampuni ya usalama ya Kaspersky, takriban asilimia 98 ya kompyuta zilizoambukizwa duniani zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado ndani ya huduma, na ambao kiraka chake cha tundu lile lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla ya shambulio. Mamlaka ya kidijitali ya NHS ilikuwa imezitumia hospitali maagizo ya kukibandika mwezi Machi na tena mwezi Aprili. Dawa ilikuwa imefika mlangoni ikalala hapo. Nazo mashine nyingi za XP, kwa kejeli ya aina yake, zilianguka na kuonyesha skrini ya bluu kabla mnyoo haujapata nafasi ya kuzitumia kusambaa.

Kutokana na tukio hilo mtu anaweza kutoa hoja mbili, na zote mbili ni za kweli. Ya kwanza ni kwamba kuhama kuna faida, kwa sababu mbinu iliyotumiwa na WannaCry haikufua dafu mbele ya Windows 10, ambayo ilikuwa mfumo mpya wa wakati huo. Ya pili, ambayo husemwa kwa nadra na ambayo ndiyo mhimili wa sura hii, ni kwamba mfumo ulio ndani ya huduma lakini haupokei viraka hauna tofauti kubwa na ule uliotupwa. Tarehe ya mwisho wa huduma inamhusu tu yule ambaye alikuwa akiipokea huduma hiyo.

Katika Afrika Mashariki hoja hii ya pili ina uzito wa pekee. Kompyuta nyingi za maofisi madogo, vibanda vya kuchapa na shule huunganishwa na intaneti kwa simu au kifaa cha modemu, na data hununuliwa kwa bando linalokwisha. Mashine inayoanza kushusha gigabaiti mbili za masasisho katikati ya asubuhi humaliza fedha ya mtu na kukwamisha kazi yake. Haishangazi basi kwamba jambo la kwanza ambalo fundi huombwa kulifanya baada ya kupiga Windows ni kuyafunga masasisho kabisa. Wengine hutumia njia ya adabu zaidi, ya kuuarifu mfumo kwamba muunganisho wake unalipiwa kwa kipimo, nao ukaacha kushusha vitu vikubwa bila idhini. Ombi hilo linaeleweka, na si haki kumlaumu anayelitoa. Lakini mwenye kompyuta ambaye masasisho yake yalifungwa mwaka 2019 aliondoka kwenye huduma mwaka huohuo kwa hiari yake, na kwake yeye tarehe 14 Oktoba 2025 ilikuwa siku kama siku nyingine.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu mfumo mpya hata kidogo, bali hali ya ule wa zamani, na jibu lake hupatikana chini ya dakika moja. Kitufe chenye alama ya Windows kikibonyezwa pamoja na herufi R, kisanduku kidogo hufunguka pembeni mwa skrini. Ndani yake huandikwa neno moja, winver, kisha kitufe cha kuingiza. Kidirisha kinachojitokeza hutaja toleo dogo la mfumo na namba yake ya ujenzi. Ikiwa kimeandika 22H2 na namba inayoanza na 19045, mashine ilifika kwenye toleo la mwisho la Windows 10 na huenda ilikuwa ikihudumiwa hadi mwisho. Ikiwa kimeandika 1909 na namba 18363, basi huduma ya toleo hilo kwa kompyuta za nyumbani na ofisi ndogo ilikoma tarehe 11 Mei 2021, na mwenye mashine amekuwa nje kwa miaka mingi akidhani yumo ndani. Mtu wa aina hii akihamia Windows 11 kisha akayafunga masasisho siku ileile, atakuwa amenunua usalama wa siku moja, kwani kila toleo la mwaka la Windows 11 hupewa viraka kwa miezi 24 tu kwenye matoleo ya Home na Pro.

Swali la pili ni kama mashine yenyewe inakubalika, na hapa Microsoft iliweka kizingiti ambacho hakikuwapo katika uhamaji wa awali. Windows 11 inadai prosesa ya biti 64, kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski ya GB 64, uwezo wa kuwaka kwa njia salama inayokagua saini za programu za mwanzo, na kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. TPM ni saketi ndogo, wakati mwingine chipu ya peke yake na wakati mwingine sehemu ya prosesa, inayotunza funguo za siri mahali ambapo programu za kawaida hazifiki, ili hata mwizi aliyeing'oa diski na kuipachika kwenye kompyuta nyingine asiweze kuisoma. Sharti lililowaumiza wengi, hata hivyo, ni orodha ya prosesa: kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka 2017, na kwa upande wa AMD huanzia, kwa jumla, mfululizo wa Ryzen 2000.

Athari ya mstari huo huonekana vizuri zaidi kwenye meza ya muuza mtumba. Kompyuta mpakato zilizojaa kwenye maduka ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue jijini Nairobi nyingi zilikuwa za makampuni ya Ulaya na Marekani, zikaachwa baada ya miaka mitatu au minne, zikasafishwa na kuletwa kuuzwa upya. Miongoni mwazo hukaa pamoja ThinkPad T470 ya mwaka 2017 na T480 ya mwaka 2018, ndugu wa tumbo moja: umbo lilelile jeusi, kibodi ileile yenye kinundu chekundu katikati, betri ya nyuma inayochomoka, na zote mbili zina TPM 2.0. Mnunuzi asiyesoma kibandiko hawezi kuzitofautisha. T470 hubeba prosesa ya Intel ya kizazi cha sita au cha saba, T480 kwa kawaida ya kizazi cha nane. Ya kwanza inakataliwa na Windows 11, ya pili inapokelewa. Namba ya kutazama ni tarakimu ya kwanza baada ya kistari katika jina la prosesa, kwamba i5-7300U ni ya kizazi cha saba na i5-8250U ni ya kizazi cha nane, na katika soko la mtumba tarakimu hiyo sasa ina thamani kuliko rangi ya ganda au ukubwa wa diski, kwa sababu diski hubadilishwa na prosesa ya mashine hizi imechomelewa kwenye ubao.

Microsoft ilijitetea kwamba prosesa za vizazi vilivyofuata zinabeba vyema kinga zinazotenganisha kiini cha mfumo na programu nyingine, na kwamba mashine zilizo kwenye orodha huanguka mara chache zaidi. Utetezi huo una msingi. Ni vigumu kidogo kuupokea wote, ukikumbuka kwamba mwezi Agosti 2021 kampuni hiyo iliiongeza kwenye orodha prosesa moja ya kizazi cha saba, i7-7820HQ, ambayo ndiyo iliyokuwa ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ya gharama kubwa iliyotengenezwa na Microsoft yenyewe.

Zipo njia za kukiruka kizingiti hicho, na mafundi wanazijua: flashi ya kusimikia huandaliwa kwa programu inayoondoa ukaguzi, na Windows 11 huingia kwenye T470 bila kinyongo. Mashine hiyo hufanya kazi. Lakini Microsoft imeweka wazi kwamba kompyuta iliyoingizwa hivyo haina haki ya masasisho, na ingawa viraka vya kila mwezi kwa kawaida huendelea kuja, toleo jipya la mwaka halijileti. Ni lazima mtu aandae flashi nyingine na kuruka ukuta tena. Toleo la 24H2, la Oktoba 2024, lilienda mbali zaidi kwa kudai amri fulani za prosesa ambazo kompyuta za kale sana hazina kabisa, nazo haziwaki kwa hila yoyote. Yule ambaye fundi wake hatarudi baada ya miaka miwili atajikuta, bila kujua, kwenye hali ileile ya mtu wa 1909.

Hata mashine inapokubalika, haipo peke yake juu ya meza, na hapa ndipo gharama halisi ya kuhama hulipwa. Printa, skana, mashine ya kusoma alama za vidole na darubini ya maabara kila kimoja huongea na mfumo kupitia kiendeshi, yaani programu ndogo inayoandikwa na mtengenezaji wa kifaa kuutafsiria mfumo lugha ya kifaa hicho. Mfumo unapobadilika sana, viendeshi vya zamani huweza kukataa, na mtengenezaji ambaye alishauza kifaa miaka kumi iliyopita hana haraka ya kuandika kipya, pengine hata hayupo tena. Windows Vista, iliyotoka kwa umma tarehe 30 Januari 2007, ilivunjiwa jina na jambo hili kuliko kasoro zake yenyewe: ilibadilisha namna viendeshi vinavyofanya kazi kabla watengenezaji hawajajiandaa, na nyaraka zilizotolewa baadaye katika kesi mahakamani Marekani zilionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya maanguko yaliyorekodiwa yalitokana na viendeshi vya kampuni moja tu, Nvidia. Makampuni mengi yaliiruka Vista yakabaki na XP hadi Windows 7 ilipokuja mwezi Oktoba 2009, wakati viendeshi vilikuwa vimekomaa. Uamuzi wao ulikuwa wa busara, kwa kuwa XP ilikuwa bado inapokea viraka muda wote huo. Waliokosea ni wale waliogeuza kusubiri kwa miaka mitatu kuwa mazoea ya miaka kumi na mitatu.

Programu nazo zina umri. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32, lililoweza bado kuendesha baadhi ya programu za biti 16 za enzi za DOS, zile zenye skrini nyeusi na herufi tupu ambazo duka la vipuri au kiwanda kidogo kiliandikiwa miaka ya tisini kwa ajili ya kutunza stoo. Windows 11 ipo kwa biti 64 pekee, na programu hizo haziwaki ndani yake. Ziko hila za kuziweka hai, kama vile kuzifungia ndani ya mashine bandia, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, lakini hila hizo zinahitaji mtu wa kuziandaa na wa kuzitengeneza zinapokwama. Ni afadhali kugundua jambo hili kabla. Njia rahisi ni kukaa na karatasi mbele ya kila kompyuta na kuandika kila kilichochomekwa kwake na kila programu ambayo kazi ingesimama bila yake, kisha kukitafuta kimoja kimoja kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kazi hiyo huchosha, na ndiyo sababu hurukwa, kisha printa ya stakabadhi ikagoma siku ya mishahara.

Mtu ambaye amefika hapa akaona kwamba mashine yake haikubaliki, au kwamba kifaa chake cha thamani hakitahama, bado hajakwama. Kwa mara ya kwanza Microsoft iliwafungulia watu wa kawaida mpango wa viraka vya nyongeza, ambao awali uliuzwa kwa makampuni tu. Mwenye Windows 10 ya toleo la 22H2 anaweza kuendelea kupokea viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa kulipa dola 30, au bila kulipa fedha iwapo ataruhusu mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Malipo hayo ya mara moja yanaweza kutumika kwa kompyuta hadi kumi za akaunti hiyohiyo. Kwa makampuni bei ni kali na imekusudiwa kuwa kali: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, kisha huongezeka mara mbili kila mwaka, hata miaka mitatu ikagharimu dola 427 kwa mashine moja, fedha ambayo ingetosha kununua mtumba wa kizazi cha nane na chenji ikabaki. Taasisi za elimu zimewekewa bei nyingine kabisa, dola 1, kisha 2, kisha 4. Shule inayotambuliwa katika mpango huo, yenye chumba cha kompyuta 20 za kizazi cha sita, inaweza kuvilipia viraka vya miaka mitatu kwa dola 140 kwa chumba kizima, na kwa shule ya namna hiyo kutupa mashine zinazofanya kazi ni ubadhirifu usio na utetezi.

Njia nyingine ni kuuacha ukoo wa Windows na kuweka Linux, mfumo endeshi huria ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao hugawiwa bure kwa majina mengi, yakiwamo Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu 24.04, kwa mfano, ina ahadi ya viraka vya kawaida vya miaka mitano, hadi mwaka 2029, na T470 iliyokataliwa na Windows 11 huipokea bila masharti. Kwa anayeandika, anayesoma barua pepe na anayetumia kivinjari, tofauti huzoeleka ndani ya wiki mbili. Kwa ofisi inayotegemea programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows peke yake, kama Tally, kuhamia Linux ni kubadilisha mwendo mzima wa kazi, na wanaoishauri Linux kwa kila mtu huwa hawajawahi kukaa na mhasibu mwisho wa mwezi.

Ni vyema pia kuliweka kando tumaini moja ambalo huwasukuma wengi, kwamba mfumo mpya utaiharakisha kompyuta iliyochoka. Mara nyingi kinyume chake ndicho hutokea, kwani GB 4 za kumbukumbu zinazotajwa kwenye masharti ni kiasi cha kuwakia tu, na mtu anayefungua kivinjari na lahajedwali kwa pamoja anahitaji GB 8. Kompyuta iliyo na diski ya kuzunguka, ile yenye sahani na sindano inayosikika ikikwaruza, hupata uhai mpya kwa kuwekewa diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, na mabadiliko hayo hufanyika bila kugusa toleo la mfumo. Ikiwa bajeti inatosha kwa jambo moja, hilo ndilo la kutangulia.

Yule ambaye mashine yake inakubalika, vifaa vyake vimehakikiwa na yuko tayari kuacha masasisho wazi hana sababu ya kubaki, na kwa mwenye leseni halali ya Windows 10 uhamaji wenyewe haulipiwi. Lililobaki kwake ni namna na wakati. Faili kamili la usimikaji lina zaidi ya GB 5, na si lazima kila kompyuta ilishushe peke yake: likishushwa mara moja usiku kwenye muunganisho wa bei nafuu na kuwekwa kwenye flashi ya GB 8, linatosha kwa mashine zote za ofisi. Hata viraka vya baadaye vinaweza kugawanwa, kwani Windows ina mpangilio unaoziruhusu kompyuta za mtandao mmoja wa ndani kupeana sehemu zilizokwisha kushushwa, hivyo bando likatumika mara moja badala ya mara kumi. Inashangaza kwamba mpangilio huu, ulio na faida kubwa kuliko mingi inayotangazwa, haujulikani sana mahali unapohitajika zaidi.

Kuhusu wakati, miezi michache ya kusubiri baada ya toleo lolote kutoka si woga. Sasisho kubwa la Windows 10 lililotolewa tarehe 2 Oktoba 2018 lilisimamishwa baada ya siku chache kwa kuwa lilikuwa likifuta faili za baadhi ya watumiaji. Waliopoteza faili walikuwa wale waliojipanga vizuri: walikuwa wameelekeza folda ya nyaraka kwenye diski nyingine, na sasisho, likidhani folda ya awali iliyobaki nyuma ni mabaki matupu, liliifuta pamoja na kilichokuwa bado ndani yake. Walioathirika walikuwa wachache sana kwa hesabu ya Microsoft, na sasisho lilirudi likiwa limerekebishwa tarehe 13 Novemba, lakini faili zilizofutika zilirudi tu kwa wale waliokuwa na nakala mahali pengine.

Nakala hiyo hufanywa kwenye diski ya nje, ambayo huchomolewa kabla ya usimikaji kuanza. Baada ya hapo kuna ufunguo wa kuandikwa. Matoleo mapya ya Windows 11, yanaposimikwa upya kwa akaunti ya Microsoft, huifunga diski kwa msimbo wa siri yenyewe, na ufunguo wa dharura hukaa kwenye akaunti hiyo; mtu aliyefunguliwa akaunti na fundi, kwa anwani ya barua pepe asiyoikumbuka, anaweza kufungiwa nje ya faili zake siku kompyuta itakapodai ufunguo baada ya kubadilishiwa ubao. Tarakimu zake 48 huenea kwenye nusu ukurasa wa daftari. Naye aliyehama bila kufuta diski hukuta folda iitwayo Windows.old, ambamo mfumo wake wa zamani umehifadhiwa mzima, na kwa siku kumi anaweza kurudi alikotoka kwa kubofya mara chache. Siku hizo kumi zatosha kujaribu printa ya stakabadhi, skana na hesabu za mwezi mmoja, iwapo uhamaji ulipangwa ufanyike karibu na mwisho wa mwezi. Siku ya kumi na moja mlango huo hufungwa.